Nyasi Zilizogoma Kutoa Chumvi

Kitinda alikuwa na viumbe viwili vya kulea, baba yake na nyasi, na msimu ule vyote viwili viliamua kumtesa kwa pamoja. Jina lake la kwenye vyeti halikuwa na kazi tena. Alizaliwa wa mwisho, akaitwa Kitindamimba, likakatwa likabaki Kitinda, na hata sasa mvi zilipoanza kumchungulia juu ya paji la uso bado aliitwa hivyo nyumbani na kazini. Ukiitwa Kitinda maisha yako yote, watu husahau kwamba nawe unazeeka na unachoka.

Asubuhi zake zilifanana. Aliamka kabla ya baba yake, akapasha maji, akamwosha miguu kwanza, kwa sababu miguu ndiyo iliyosema ukweli wa siku hiyo. Alibonyeza kidole juu ya kifundo. Kishimo kikibaki, miguu imevimba, na siku hizo kishimo kilibaki kila mara. Viatu vya mzee vilikuwa vimestaafu chini ya kitanda. Yeye alivaa kandambili na soksi, hana habari na macho ya watu. Kisha vifungo vya shati, kisha dawa, kisha fimbo, kisha safari ya pole pole hadi kitaluni alikofanya kazi binti yake huyo, maana mzee hakuweza tena kuachwa peke yake. Mara ya mwisho alipoachwa alianguka kati ya meza na mlango, akakaa sakafuni mpaka Kitinda aliporudi, na alipoulizwa mbona hakuita mtu alisema hakutaka kusumbua.

Daktari alikuwa amekataza chumvi. Hakusema ipunguzwe, alisema asiguse hata punje, presha imepanda, figo zimechoka, na chumvi ndiyo inayomjaza maji miguuni. Siku hiyo Kitinda alifika nyumbani akachukua kopo la chumvi akalimwaga lote mbele ya baba yake, ili wote wawili waone kwamba mambo yamekwisha. Kuanzia hapo alipika sufuria moja isiyo na chumvi, wakala wote, kila mtu na sahani yake. Angeweza kuficha kidogo jikoni akajitilia yake, nani angemkataza? Lakini roho ilimsuta. Hakuona vipi amlishe mzee chakula chapwa huku yeye anajilamba vidole meza hiyohiyo. Hakumwambia baba yake, wala mtu mwingine, maana hakuona kama ni jambo la kutangaza.

Na huyo aliyekatazwa chumvi alikuwa mpishi. Miaka nenda miaka rudi alipika katika shule ya bweni, kwenye masufuria ambayo mtoto angeweza kuogelea ndani, na hakuwahi kupima chumvi kwa kijiko. Alichota mchuzi kwa mwiko, akadondosha tone kiganjani, akalamba, akainamisha kichwa upande mmoja kama mtu anayenong'onezwa, ndipo akasema, "Bado," au "Tayari." Hakuna aliyepakua kabla ya neno hilo. Sasa alikaa mezani kwa binti yake, anatafuna, anameza, hasemi bado wala hasemi tayari.

"Kimeiva, Baba?" Kitinda alimuuliza mara mojamoja.

"Kuiva kimeiva," alijibu mzee, na kijiko kikaendelea na safari yake.

Kitalu kilikuwa uwanja mdogo uliofunikwa wavu mweusi wa kivuli, karibu na ufuko. Huko ufukoni bahari ilikuwa inakula nchi kavu bila haraka na bila huruma. Njia ya waenda kwa miguu ilishaingia majini. Ukuta wa mawe ulijengwa ukabomoka. Nyasi za kwanza, zilizoletwa kwa malori kutoka mbali, zilioza zikanuka kabla hazijashika mizizi, na watu wakapita wakiziba pua. Ndipo wenye mradi wakakumbuka kwamba kuna nyasi za hapohapo, zilizozoea maji ya bahari tangu enzi na enzi, zimebaki kipande kidogo nyuma ya mkondo wa matope. Vikachimbuliwa vichipukizi vyake, vikapandwa kwenye trei, na Kitinda akapewa kazi ya kuzilea mpaka ziwe nyingi za kutosha kurudishwa matopeni.

Kulea nyasi hizo ni kuzitesa kwa mpango. Ukizinywesha maji ya bomba peke yake zinanawiri kijani cha kupendeza, na siku ya kwenda baharini zinakufa zote. Kwa hiyo unaanza na maji ya bomba, unatia chumvi kidogo, wiki zinavyokwenda unaongeza, hadi mwisho zinakunywa maji ya bahari yenyewe. Maji hayamwagwi juu. Yanajazwa kwenye beseni pana chini ya trei, mizizi inywe kutokea chini. Nyasi iliyofuzu ina namna yake ya kukuambia. Chumvi iliyozidi mwilini inaitoa kwenye majani, na asubuhi unaona punje nyeupe zimejipanga juu ya jani, ukipitisha kidole zinakwaruza. Trei yenye punje ni ya kupelekwa. Trei isiyo na punje ama haijazoea, ama, vibaya zaidi, si nyasi yenyewe bali ni jamaa yake anayefanana nayo sura tu, na ukiipeleka ufukoni umezika kazi ya msimu mzima.

Msimu ule trei zote zilitoa chumvi isipokuwa za pembeni. Ilikuwa safu moja ndefu, kwenye kona ya upepo, kandokando ya kiti ambacho Kitinda alimwekea baba yake ili apate hewa na ang'oe magugu kwenye trei, kazi ambayo mzee aliipenda. Kila asubuhi Kitinda alimkalisha mzee kwanza, kisha akaanza ukaguzi safu za mbele, akaona weupe, akafurahi kidogo. Akifika pembeni anakuta majani yamesimama kijani tupu, hayana hata punje ya kusingizia.

Wa kwanza kulaumiwa alikuwa Fundi Bomba. Huyu ndiye aliyeshughulikia tangi, pampu na mchanganyo wa maji, mtu wa maneno mengi na kofia moja.

"Hizi umeziruka," Kitinda alimwambia.

"Mimi? Nimezijaza kwa mkono wangu huu. Tia kidole kwenye beseni uonje."

"Sasa chumvi iko wapi?"

"Ziulize zenyewe. Nyasi zako zina kiburi, mimi nahusika vipi?"

Mzee kwenye kiti alicheka kidogo kwa puani, akang'oa gugu moja, akaliweka kando ya mguu wake. "Zipe muda," alisema. "Kila kitu kina muda wake jikoni."

"Hapa si jikoni, Baba."

"Najua," alisema mzee. "Naona."

Kitinda alipima maji ya beseni kwa kipimo cha mradi, akakuta chumvi ni ileile ya trei nyingine. Basi kosa lilikuwa la nyasi, na kama ni la nyasi, ni la kwake. Vichipukizi vya safu ile alivichimbua mwenyewe wiki ambayo mzee alianguka, akiwa hoi, macho yanajifumba akiwa amesimama matopeni. Huenda alichukua jamaa badala ya mwenyewe. Ndivyo alivyojiambia, na kadiri alivyojiambia ndivyo alivyozidi kuamini, kwa kuwa mtu aliyechoka hana nguvu ya kujitetea hata mbele yake mwenyewe.

Mchana huo Dada akapiga simu. Dada alikuwa mkubwa wao, anaishi mbali, bara kabisa, kwenye nyumba yenye vyumba vya ziada na mume mpole, na alikuwa na tabia ya kupiga simu akiwa ameshakasirika tayari.

"Daktari amenipigia," alisema. "Vipimo vya mkojo vimerudi. Baba anakula chumvi."

"Hali chumvi, Dada."

"Kitinda. Unampikia mwenyewe, unampakulia mwenyewe, unashinda naye kutwa nzima. Hiyo chumvi inaingilia dirishani?"

"Sijui."

"Mwezi uliopita hukujua, mwezi huu hujui. Haya, nakuja Jumamosi. Nikikuta miguu iko vilevile namchukua, nakaa naye mimi. Sitaki kuja kumzika baba kwa sababu ya huruma zako za jikoni."

Simu ilikatika. Fundi Bomba, ambaye masikio yake hayakuwahi kwenda likizo, aliuliza kulikoni.

"Anasema mzee anakula chumvi."

"Si ndiyo maana ni mzee? Mtu ambaye hajala chumvi nyingi atazeekaje?"

Siku nyingine Kitinda angecheka. Siku hiyo alikwenda nyuma ya tangi akaegemeza kipaji cha uso kwenye bati la moto. Mama yao alifariki yeye akiwa mdogo, Dada ameshaolewa, na mzee ndiye aliyemsuka nywele kila asubuhi kabla ya kwenda kuwasha majiko ya bweni. Alimsuka vibaya, mistari imepinda kushoto na kulia, watoto wakamcheka shuleni, na hakukosa hata siku moja. Kitinda alitaka mzee aishi siku zake zilizobaki mikononi mwake. Alitaka hivyo kwa moyo wote, na palepale, ndani ya moyo huohuo, kulikuwa na sauti ndogo iliyosema: Jumamosi akichukuliwa, Jumapili nitalala. Aliichukia sauti hiyo kuliko alivyomchukia Dada.

Siku zilizofuata alikuwa mpelelezi. Alipekua mifuko ya makoti ya mzee akakuta vitambaa na kifungo. Alimfuata jirani mmoja anayependa kugawa chakula, akamhoji mpaka yule mama akakasirika, akasema kuanzia leo hata salamu hatampa mzee asije akasingiziwa ni ya chumvi. Aliangalia chini ya mto na ndani ya soksi. Jikoni hakukuwa na punje. Na kila asubuhi kidole kikibonyezwa, kishimo kinabaki.

Ijumaa Kitinda aliamua kuzitupa trei za pembeni. Siku za maji mafu zilikuwa zinakaribia, bahari inapotulia na kupanda nyasi kunawezekana, na hakutaka safu ya mashaka iende ikachanganyika na nyasi nzuri. Alimkalisha mzee kwenye kiti chake, akamwambia bila hata kuzitazama trei, "Hizi natupa leo, Baba, usihangaike na magugu yake," akaenda banda la vifaa kuchukua toroli. Mzee alifungua mdomo akaufunga.

Toroli lilikuwa na tairi lililoisha upepo. Kitinda alilipiga teke, akalitukana kwa jina la aliyelitengeneza, akageuka arudi kuzibeba trei kwa mkono. Hakupita mbele; alipita njia ya nyuma, kati ya wavu na tangi, kwa sababu ni fupi na miguu yake haikuwa na hamu ya ziada.

Ndipo akamwona. Mzee alikuwa ameegemeza fimbo kwenye goti na kuinamia trei. Alishika jani moja kwa vidole viwili, akalivuta taratibu kutoka shinani hadi nchani, punje nyeupe zikamdondokea kiganjani. Akavuta jani la pili. Akavuta jingine na jingine, hana haraka, mikono yake myepesi kama zamani, na nyuma ya mikono hiyo majani yalibaki kijani kisafi kabisa. Kisha akainua kiganja, akalamba, akainamisha kichwa upande mmoja.

"Tayari," alijiambia.

Kicheko kilimpanda Kitinda kwanza, akakaribia kukiachia, lakini nyuma yake ilikuja hasira, na hasira ikampita kicheko njiani.

"Baba!"

Mzee alificha mkono nyuma ya mgongo, mzee mzima, kama aliyekutwa na kipande cha nyama kabla ya wageni kula.

"Tangu lini?"

"Tangu zilipoanza kutoa."

"Na mimi nasemwa na Dada! Nasemwa na daktari! Nimegombana na jirani, nimemgombeza Fundi, nimekupekua soksi! Trei hizi nilikuwa nazitupa, Baba, leo hii, nimeshakwenda kuchukua toroli!"

"Nilisikia. Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia."

"Ulikuwa unatafuta huku unalamba?"

Mzee alifikiri. "Ndiyo," alisema, maana hakuwa mwongo.

"Mimi sijaonja chumvi tangu siku niliyomwaga lile kopo!" Kitinda alipaza sauti hadi Fundi Bomba akazima pampu. "Nakula chapwa pamoja na wewe kila siku, mdomo wangu umekuwa mbao, nikidhani tuko wawili! Kumbe mwenzangu una jiko lako huku!"

Mkono wa mzee ulitoka nyuma ya mgongo wenyewe. Alimtazama binti yake kwa muda mrefu, macho yake yenye ukungu yakimtafuta usoni.

"Wewe? Si unajitilia yako jikoni kabla hujaleta sahani?"

"Nani kakuambia?"

"Hakuna. Nilidhani. Kila mpishi hujionjea." Alikitazama kiganja chake. "Miezi yote hii?"

"Yote."

"Nani alikutuma, mwanangu?"

Kitinda aligeuza ndoo juu chini akaikalia, mbele ya kiti cha baba yake, na machozi yakaanza kumtoka bila yeye kuyaruhusu. Hakulia kwa sababu ya chumvi. Alilia kwa sababu alikuwa amechoka, na sasa alipata pa kukaa.

"Macho yameondoka," mzee alisema. "Magoti yameondoka. Ulimi ndio uliokuwa kazi yangu. Nilitaka tu kujua kama bado upo."

"Upo?"

"Upo."

Waliketi hivyo hadi Fundi Bomba alipokuja kuuliza kama trei zinatupwa au hazitupwi. Kitinda alimwambia aziache. Hakueleza, na Fundi, kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, hakuuliza.

Dada alifika Jumamosi na begi dogo, yaani hakuja kukaa. Alimkumbatia mzee, akapiga magoti, akavua soksi, akabonyeza. Kishimo kikabaki. Alikiangalia kama anasubiri kijae chenyewe, kisha akainuka na kumgeukia mdogo wake.

Kitinda alikuwa ameamua kunyamaza. Akisema ukweli, Dada atamsimulia mume wake, mume atawasimulia watoto, na mzee aliyewalisha watu maisha yake yote atabaki kuwa babu aliyekutwa akilamba majani kama mbuzi. Mambo ya namna hiyo hayafi; yangesimuliwa hata siku ya msiba wake, watu wakicheka kwenye viti vya kukodi. Bora aonekane yeye ndiye mzembe. Uzembe wa mpishi husahaulika.

"Sema basi," Dada alisema. "Chumvi anaipata wapi?"

"Nimekosea mimi," Kitinda alijibu. "Sikuwa makini."

"Hukuwa makini! Nilikuambia hii kazi huiwezi. Unashinda kwenye matope yako na majani yako, unarudi umechoka, unapika umesinzia, mkono unakwenda kwenye chumvi wenyewe. Baba atakufa mikononi mwako, Kitinda, na wewe utasema hukuwa makini!"

"Mwache mdogo wako," mzee alisema.

"Baba, wewe pumzika."

"Nimesema mwache." Sauti ilikuwa ile ya jikoni la bweni, iliyokuwa inavuka mvuke na kelele za sahani, na wote wawili walijikuta wamesimama wima. "Nyumba hii haina chumvi. Yeye mwenyewe hali, ananisindikiza mimi. Chumvi nimeiiba kazini kwake. Inatoka kwenye majani, nilikuwa naikusanya kwa vidole naila. Karibu azitupe nyasi nzuri kwa sababu yangu."

Dada alicheka, akidhani ni mzaha. Alimtazama Kitinda ili wacheke wote, akaona uso wa Kitinda, na kicheko chake kikafa. Alikaa kwenye kiti cha karibu.

"Kwenye majani?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Majani. Kama mbuzi," mzee alisema. "Sasa umesikia, ukacheke huko kwako."

Hakuna aliyecheka. Dada alifuta macho kwa kiganja, akasema kwamba basi mambo yamekuwa rahisi: mzee asiende tena kitaluni, abaki hapahapa, yeye ataona namna ya kusaidia. Kitinda alitikisa kichwa kukubali, haraka, kabla mtu hajabadili mawazo. Lakini mzee alikuwa anaangalia mikono yake.

"Nikibaki ndani peke yangu nitaanguka," alisema. "Nikienda huko nitalamba. Msiniambie nijikaze, najijua. Jumamosi na Jumapili najiapiza, Jumatatu naamka nina haraka ya kwenda kazini." Alimgeukia mkubwa. "Nichukue."

"Baba, hapana," Kitinda alisema. "Mimi nitakaa karibu yako, nitahamisha kiti, nitaweka wavu..."

"Nitakaa huko mpaka miguu ipungue. Ikipungua mtanirudisha. Isipopungua pia mtanirudisha." Alinyoosha mkono, akamgusa Kitinda kichwani, pale ambapo zamani mistari ya nywele ilipinda. "Na wewe ulale."

Waliondoka baada ya chakula. Kitinda alipika bila chumvi, wakala watatu, na Dada alimaliza sahani yake yote bila kusema neno. Mlangoni mzee alivalishwa viatu, vikagoma, akaondoka na kandambili.

Jumapili Kitinda alilala. Alilala mpaka jua likamfikia usoni, akageuka ukutani akalala tena. Alipoamka hakukuwa na wa kuoshwa miguu, na kitu cha kwanza kilichomjia kilikuwa raha. Aliona haya, akakaa kitandani na haya yake, lakini raha ilikuwepo na hakutaka kujidanganya. Jioni alitoka kwenda dukani. Alinunua sabuni na kiberiti, akasimama mbele ya pakiti za chumvi, mkono ukakataa kunyanyuka. Alirudi nyumbani akala alichokizoea, peke yake, kwenye meza iliyokuwa kubwa ghafla.

Jumatatu majani ya pembeni yalikuwa na punje chache. Jumanne yalikuwa na nyingi. Ilipofika katikati ya wiki Kitinda aliingia kitaluni asubuhi, akaacha safu za mbele, akaenda moja kwa moja kwenye kona ya upepo. Safu yote ilikuwa nyeupe. Kila jani lilikuwa limejaa kutoka shinani hadi nchani, hakuna aliyeligusa, na kiti kilikuwa pale pale na vigugu vikavu chini yake. Nyasi zilikuwa zenyewe, hazikuwa jamaa. Zilikuwa zinatoa chumvi siku zote.

Alijua angefurahi kuona hivyo, na alifurahi, lakini mkono wake ulikwenda kwenye mgongo wa kiti kitupu ukaushika. Kisha akapiga simu.

Dada alipokea akasema miguu imepungua kidogo, kidogo tu, akampa mzee.

"Baba, trei zako zimetoa."

"Nyingi?"

"Nyeupe safu nzima."

Mzee alivuta pumzi. Kwa mbali, upande ule, sahani zilikuwa zinaoshwa.

"Umeonja?"

"Bado."

"Sasa unaniambia nini kama hujaonja?"

Kitinda aliibana simu kati ya sikio na bega. Alishika jani moja kwa vidole viwili, akalivuta taratibu, kisha jingine, punje zikamjaa katikati ya kiganja. Akalamba. Chumvi ilimwingia ulimini kali, ikampanda hadi puani, macho yakamjaa maji, na mdomo wote uliokuwa mbao ukaamka. Alikuwa amesahau kabisa ilivyo. Ilimchukua muda kugundua kwamba kichwa chake kimeinama upande mmoja.

"Kitinda? Sasa?"

"Tayari, Baba."

"Basi pakua," alisema mzee.

Kitinda alipangusa kiganja kwenye sketi, akamwita Fundi Bomba, akamwambia ajaze tairi upepo alete toroli.